Radhi ya Sita

Nilikuwa nimemaliza kuandika ubeti ubaoni, najipangusa chaki mikononi, msichana wa dawati la pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu si anaongea na binti yake? Sasa mbona anamwita mama?"

Ubeti wenyewe ulikuwa ule wa Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia wa mama kwa bintiye, unaoanza "Mama pulika maneno, kiumbe ni radhi tano." Kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), wanafunzi 58, shule ya bweni mkoani Shinyanga, saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto. Swali lilikuwa zuri na jibu sikuwa nalo. Nikafanya tunachofanya walimu tukibanwa: nikajibu haraka na kwa sauti kubwa. "Huo ni uhuru wa kishairi. Mtunzi anatafuta mizani. Angesema binti, kipande kisingetimia."

Kosa langu lilikuwa kwamba hao wanafunzi nilikuwa nimewafundisha kuhesabu mizani, yaani silabi, mimi mwenyewe, na niliwafundisha vizuri. Vidole vikaanza kufanya kazi juu ya madawati. Bi-nti. Ma-ma. Kijana mmoja akasema polepole, kama mtu asiyependa kumwaibisha mkubwa, "Mwalimu, lakini zote ni mizani mbili."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Ndipo msichana wa nyuma kabisa, ambaye tangu afike kutoka Maswa nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina, akasema, "Mimi nyumbani baba ananiita mama. Nina jina la bibi mzaa baba." Mikono ikanyooka. Mwingine anaitwa mama na shangazi. Mwingine anaitwa bibi na babu yake. Yupo kijana ambaye kaka zake wakubwa humwamkia "shikamoo baba" kwa utani kila akirudi likizo.

Kilichonikera usiku ule nikiwa nasahihisha madaftari ni kwamba mimi pia nilijua. Mama yangu mzazi ameniita "baba" tangu natambaa, kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Sikulileta darasani kwa kuwa halikuwemo kwenye mwongozo.

Nina miaka 11 kazini sasa. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo riwaya na ushairi nilivifundisha kama watoto wa mama tofauti. Jumatatu na Jumanne riwaya: muhtasari, dhamira, wahusika, mandhari, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Alhamisi ushairi: beti ngapi, mishororo mingapi, vina vya kati, vina vya mwisho, mizani, kituo. Riwaya ilikuwa ghala la dhamira, shairi lilikuwa hesabu. Mwanafunzi aliweza kuniambia shairi ni tarbia, lina mtiririko, mizani 16 kila mshororo, asijue kabisa kwamba msemaji wa shairi hilo amekasirika.

Halafu nikasikia kwenye mafunzo kazini kwamba ni vizuri kufundisha tanzu zikiwa pamoja. Nikarudi na ari. Nikachora jedwali ubaoni: safu ya kushoto riwaya, safu ya kulia ushairi, katikati dhamira zinazofanana. Wakajaza. Ndoa za kulazimishwa, kushoto tiki, kulia tiki. Ukombozi, tiki, tiki. Umaskini, tiki, tiki. Nikafurahi, jedwali lilikuwa limejaa mpaka pembeni.

Insha zilipokuja nilipata nakala 50 na kitu za insha moja. "Waandishi wote wawili wameonesha dhamira ya ukombozi. Kwa mfano katika riwaya... Pia katika diwani..." Madesa ya stendi, yale yanayotolewa kopi kwa shilingi mia mia, yalikuwa yameandika hivyo hivyo. Mmoja, kwa kuchanganyikiwa na safu zangu mbili, aliandika kwamba riwaya ya Vuta N'kuvute imetumia vina vya kati. Nilimwekea alama ya kosa, ingawa ukweli ni kwamba kosa lile tulilifanya wote wawili.

Mwaka uliofuata nilijaribu tena, nikachagua shairi la kisasa la masivina, lisilofuata vina wala mizani, lililolia juu ya wanyonge na wakubwa, nikaliweka kando ya sura za Vuta N'kuvute zinazomhusu Denge na wenzake wanaopambana na wakoloni. Likalala. Shairi lilisema wakoloni ni wabaya, riwaya ilisema wakoloni ni wabaya, darasa likasema ndiyo Mwalimu, kengele ikagonga. Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa nimechagua shairi kwa sababu linakubaliana na riwaya, na watu wawili wanaokubaliana hawana la kuzungumza mbele ya mgeni.

Utendi wa Mwana Kupona uliingia kwa uhaba wa vitabu tu, wala sikupanga. Vuta N'kuvute tulikuwa na nakala saba za shule, mbili kati ya hizo hazina kurasa za mwisho. Ilibidi nigawe darasa: nusu wanakwenda chini ya mwarobaini na vitabu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza, nusu wanabaki na mimi ndani. Hao wa ndani lazima wafanye jambo lisilohitaji kitabu. Tulikuwa tumefika kwenye historia ya ushairi, na utendi huu nilikuwa nao kwenye daftari langu la chuo. Nikaanza kuuandika ubaoni, beti nne nne kila kipindi. Baada ya dakika 40 makundi yanabadilishana. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanaingia kwenye utendi wakitoka moja kwa moja kwa Yasmin, na wanarudi kwa Yasmin wakitoka kwa Mwana Kupona, vumbi la mwarobaini bado liko kwenye sketi na suruali zao.

Kwa asiyevijua: riwaya hii ya Shafi Adam Shafi inaanza na msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin, umri wake 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili maskini. Utendi nao ulitungwa mwaka 1858 huko upande wa Lamu. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, mtawala aliyegoma kuinama kwa Sultani wa Zanzibar. Mwanamke huyu ni mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, na anamwita bintiye aje akae karibu na wino na karatasi ampe wasia. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, na kipande cha mwisho kinarudi kwenye -ia, mwanzo hadi mwisho.

Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, kiliwapiga chenga. Pulika walidhani ni kupuliza. Usono mmoja alisema ni uso mdogo. Nikawa na orodha pembeni mwa ubao: pulika ni sikiliza, usono ni raha, nda ni "ni ya", yuwa ni jua. Kijana wa Ukerewe alilalamika kwamba hiki si Kiswahili, ni lugha ya jirani. Nikamwambia ukweli ni kwamba jirani ni sisi.

Sasa turudi kwenye radhi. Baada ya aibu ya mizani nilikuwa mnyonge kidogo, na unyonge ukanisaidia, maana kipindi kilichofuata sikuwaletea maelezo. Niliandika neno moja katikati ya ubao, RADHI, nikawauliza kwao linatumikaje. Hawakuhitaji kamusi. Radhi za wazazi, ukizikosa unapata laana. Kuomba radhi, ukimkosea mtu. Kuwa radhi: niko radhi, siko radhi, yaani nimekubali au nimekataa. Nikachora mistari mitatu kutoka kwenye neno.

Utendi unasema kiumbe anahitaji radhi tano ndipo apate raha ya akhera na dunia: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Tukazihesabu. Wote watano wanaotajwa wako juu ya binti. Kijana wa Ukerewe, yule yule, akauliza, "Sasa Yasmin yeye alikuwa radhi?"

Nilinyamaza. Hilo nalo nimejifunza kwa shida, kunyamaza. Wakatoka wenyewe kuwaendea wenzao chini ya mwarobaini, wakanyang'anyana nakala saba, wanafungua mwanzoni mwa kitabu wanatafuta mahali ambapo msichana anaulizwa. Walirudi na neno ambalo sikulitarajia. Msichana mmoja alisema, "Hajaolewa, Mwalimu. Ameozwa." Akaenda ubaoni bila kuombwa, akaandika: kuoa, kuolewa, kuozwa. Kwenye la kwanza mwanamume anatenda. Kwenye la pili mwanamke anatendwa, lakini angalau yumo ndani ya sentensi na mume wake. Kwenye la tatu, alisema, mtendaji ni baba, na hao wengine wawili wote ni mizigo. Sarufi ya mnyambuliko wa vitenzi nilikuwa nimeifundisha muhula wa kwanza kwa kutumia "piga, pigwa, pigisha." Sikumbuki kama kuna aliyeniuliza swali siku ile.

Kuanzia hapo kipindi hakikuwa changu. Mwingine alikumbuka walichosoma kwenye somo la General Studies: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka umri wa msichana kuwa miaka 15, na aliye chini ya 18 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo mwaka 2019. Nikawaomba waliangalie neno la sheria: ridhaa. Walikaa sekunde chache kisha ukapita mguno darasani kama upepo kwenye mahindi, kwa kuwa ridhaa na radhi ni mtu na ndugu yake. Umri wa Yasmin, 15, ambao awali ulikuwa tiki kwenye jedwali langu, ukawa ni umri wa dada wa mtu fulani mle ndani. Najua hivyo kwa sababu wapo walioacha kuandika wakainama. Sikuwachokoza. Kuna mwalimu anayeweza kumfanya mwanafunzi asimulie ya kwao mbele ya watu 57 na akaliita hilo somo. Mimi siwezi.

Ningekomea hapo ningekuwa nimewafundisha kumhukumu marehemu. Wakati huo darasa zima lilikuwa limemgeuka Mwana Kupona. Mama mbaya, mfumo dume, anamuuza mwanawe. Maneno ya mwongozo yalikuwa yamerudi kwa mlango wa nyuma. Aliyewazuia ni yule wa Maswa ambaye baba yake humwita "mama". Alisema tusome pale anapoeleza namna ya kumtunza mume. Tukasoma. Mtunze kama mtoto asiyejua kusema, ndivyo utendi unavyoshauri, uangalie kila kinachotoka na kinachoingia.

"Sasa," akasema, "kama mume ni mtoto asiyejua kusema, mwenye akili ndani ya hiyo nyumba ni nani?"

Wavulana walipiga kelele. Wasichana walipiga meza. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia dirishani kama kuna ugomvi. Na kwa kweli ugomvi ulikuwepo, uliendelea siku tatu, nao ulikuwa na pande zaidi ya mbili. Wapo waliosema mama anamfundisha binti utii. Wapo waliosema anamfundisha ujanja, jinsi ya kuishi na mwenye nguvu bila kuvunjika. Mmoja akasema mama huyu ni mgonjwa, anajua anakufa, mtoto anabaki na dunia ile ile aliyoikuta. Angempa wasia wa kukimbia, akimbilie kwa nani? Yasmin alikuwa na Mwajuma. Huyu wa Siyu alikuwa na nani?

Swali hilo lilitupeleka kwenye riwaya kwa njia ambayo sikuwahi kupita. Mwajuma nilikuwa nikimfundisha kama "mhusika msaidizi, ana huruma, anafaa kuigwa na jamii." Sasa walikuwa wanamsoma kama kitu ambacho utendi hauna. Walitaka kujua anakula nini, nyumba yake ina vyumba vingapi, kwa nini yeye hana wa kumwomba radhi, na kama umaskini wake ndio unaompa nafasi ya kumfungulia mlango mtu aliyekataliwa. Walirudi kwenye kurasa walizokwisha kuzipita. Mwalimu yeyote wa fasihi anajua ni kazi gani kumrudisha mwanafunzi kwenye ukurasa aliokwisha kuupita.

Kabla ya kufunga mada niliwapa zoezi: binti ajibu. Ubeti mmoja tu, kwa kanuni zile zile za utendi, mizani nane na mwisho -ia. Awe binti wa Mwana Kupona au awe Yasmin, wachague. Nilipokea nyingi za "ndoa si kitu cha mzaha" na "wazazi tupeni elimu," zilizotimia mizani na kukosa kila kitu kingine. Za namna hiyo nazijua, hata mimi huzitunga nikiombwa shairi la mahafali. Lakini wa Maswa alileta huu:

Mama, wino nimeleta,
karatasi nimepata,
radhi zote nimefata,
ya sita sijasikia.

Nikauandika ubaoni bila jina. Jambo la kwanza waliloligombania lilikuwa "nimefata." Wengine wakasema ni kosa, ni nimefuata. Wengine wakahesabu: radhi zote nimefuata ni mizani tisa, kipande kinamwagika. Basi hiyo ni inkisari, neno limefupishwa ili mizani itimie, akasema mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia neno inkisari likitumika na mtu anayelihitaji. Nikawauliza, angekubali kumwagika kwa mizani moja ingekuwaje? Kijana aliyeniumbua kwa bi-nti na ma-ma akasema hapana, afadhali abane, kwa kuwa huyu binti ametii mpaka kwenye mizani. Ukitaka kusikia anapokataa sharti awe ameshika kila kitu kingine. Mimi sikuwahi kufundisha hivyo. Sijui kama ningeweza.

La pili ni "ya sita." Ya nani? Hakuna aliyeuliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa wote walijua.

Mpaka hapa simulizi ni tamu, kwa hiyo niseme na chungu yake. Mkuu wa idara alinikalisha. Mada niliyotakiwa kuimaliza kwa wiki mbili nilikuwa nimekaa nayo wiki tano, na silabasi ilikuwa inanisubiri mlangoni kama mdai. Alikuwa na haki. Mwaka uliofuata, kidato cha sita, ulikuja mtihani wa mock, na swali la ushairi likataka watumie diwani mbili walizosoma. Wanafunzi kadhaa wangu, wa Maswa akiwemo, waliandika kuhusu radhi za Mwana Kupona. Utendi huo haukuwa kwenye orodha ya diwani teule. Aliyesahihisha alipiga mstari mwekundu ukurasa mzima na kuandika pembeni: haipo. Sifuri ya swali zima. Msichana alikuja ofisini ameshika karatasi, hakulia, aliuliza tu, "Kwa hiyo tulikosea?"

Nilimwambia niliyekosea ni mimi. Niliwasha moto nikasahau kuwaambia wapi pa kupikia. Kwenye mtihani riwaya ina swali lake na ushairi una swali lake, kila utanzu na orodha yake, na mwanafunzi wa bweni aliyetoka mbali hana anasa ya kupoteza alama 20 kwa ajili ya furaha ya mwalimu. Tangu siku hiyo nikileta shairi la nje ya orodha naandika juu ya ubao, kwa herufi kubwa, HILI SI LA MTIHANI. Wanacheka, lakini wanaelewa.

Niliyokuwa nayo ni miezi michache ya kuhamishia ujuzi ule kwenye vitabu vyenyewe. Sikurudia jedwali. Nilichukua Fungate ya Uhuru ya Muhammed Seif Khatib, ambayo tulikuwa tunaisoma kama diwani teule, na kabla ya kufungua shairi hata moja nikawaachia neno la jalada. Fungate. Wengi wa huku bara walilijua kwa maana ya mapumziko ya maharusi, basi. Mmoja aliyekulia Pangani akasema ni siku saba za ndani, bibi harusi hatoki. Nikawaongezea kwamba Wagiriama mpaka leo saba wanaiita fungahe, kwa hiyo hesabu imo ndani ya neno lenyewe: fungate ina mwisho unaojulikana. Nikakaa.

"Sasa uhuru una fungate," akasema wa Pangani, "maana yake ipo siku ya nane."

Wakaenda kwa Yasmin wenyewe. Fungate yake na Bwana Raza ilikuwaje, na siku yake ya nane ilikuwa nini. Wakaenda kwa Denge: hao wanaopigania uhuru kwenye riwaya wanaiona siku ya nane au wanaishia kuota harusi? Vitabu vyote viwili vilikuwa kwenye orodha, hakukuwa na wa kuwachorea mstari mwekundu. Insha zilizotoka hazikuwa zote nzuri. Zilikuwa tofauti, na mtu ambaye amesahihisha insha moja mara hamsini atajua nilivyojisikia. Matokeo ya mwisho ya darasa lile yalikuwa ya kawaida, ya juu kidogo ya mwaka uliotangulia, na siwezi kusema ni kwa sababu ya radhi wala fungate. Huenda ni ule muhula tuliopata umeme wa uhakika bwenini.

Nimebadilisha mambo machache tangu hapo. Riwaya naisimamisha katikati, mahali ambapo mhusika amefanya jambo lisiloweza kurudishwa, ndipo naingiza shairi. Ikiisha kwanza, wanafunzi wanakuwa wameshajua nani yuko sahihi na shairi linakuja kugonga muhuri tu. Shairi nalitafuta lile ambalo lingegombana na mhusika kama wangekutana barazani. Na natafuta neno, moja tu, ambalo wanafunzi wanalo tayari midomoni kwao. Yapo mashairi mazuri ambayo sijapata neno lake, nayo nimeyaacha, nikipata nitayaleta.

Mwaka jana nilikuwa na darasa jingine kwenye utendi ule ule, beti za mwanzo, mama anamwita binti aje na wino na karatasi. Nilishajua mitego yangu, la "mama" nikalingoja kwa hamu, lilipokuja nikawaacha walijibu wenyewe. Halafu kijana mmoja mwenye tabia ya kuuliza kengele ikikaribia akasema, "Mwalimu, mama ni mgonjwa wa mwaka mzima. Kalamu ameshika nani?"

Nikasema, pengine binti. Mama anasema, binti anaandika.

"Basi tunachosoma ni mwandiko wa binti," akasema. "Tunajuaje hakuna ubeti alioambiwa akauruka?"

"Au aliouongeza," akadakia jirani yake.

Kengele ikagonga. Ilikuwa zamu yao kupakua bwaloni, wakatoka na sahani zao wakibishana, na sauti ya mwisho niliyoisikia ikivuka uwanja ilikuwa ya msichana akisema hapana, angeongeza tungeuona, ungekuwa na mizani tisa.